Mama Nge na Refa Wake

Asubuhi ile Mavis Rigby alisoma tanzia zote za gazeti kwa sauti, kama kawaida yake, akafika mwisho, akasema, "Hakuna tunayemjua. Nipe siagi."

Cliff akampa. Ndivyo siku zao zilivyoanza tangu wastaafu. Cliff hakujua kusoma zaidi ya jina lake na majina ya miji kwenye vibao vya barabarani. Mavis hakuwahi kumtania kwa hilo, ingawa alimtania kwa kila kitu kingine: masikio yake, njiwa wake, namna alivyoifyonza chai. Nje mvua ya mji wa Oldham ilikuwa ikinyesha bila haraka. Mkate ulikuwa juu ya jiko ukichomwa. Mavis akainuka kwenda kuugeuza, akapita upande wa pili wa meza, akaanguka.

Alianguka kwa kishindo, mikono imetanuka. Mtu mwingine angeruka. Cliff hakuruka. Mkewe alikuwa ameanguka ulingoni kwa ujira nusu ya ujana wake, na jikoni humo alikuwa ameanguka bure mara nyingi zaidi: akichoka kuosha vyombo, akinyimwa safari ya pwani ya Blackpool, au akitaka tu chai imfuate alipo. Kila alipoanguka, kazi ya Cliff ilikuwa moja. Yeye alikuwa refa. Basi akashika kijiko, akagonga meza, akaanza kuhesabu.

Kutoka kitini aliona ndara tu na pindo la gauni. Akagonga, akahesabu, huku anatafuna. Kwenye nane alisikia harufu ya mkate kuungua, na Mavis hakuwa mtu wa kuacha mkate uungue kwa ajili ya utani. Akainuka. Hapo ndipo alipokiona kichwa. Mwanamieleka akianguka hukunja kidevu kifuani; ni jambo la kwanza kufundishwa na la mwisho kusahauliwa. Kichwa hakigusi chini. Kichwa cha Mavis kilikuwa kimelala sakafuni, sikio chini, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani.

Cliff akapiga magoti. Hesabu ikaishia hapo.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja, wakafanya yao, wakaacha. Mmoja wao, binti mpole, akamuuliza mzee yeye alikuwa wapi mama alipoanguka. Lilikuwa swali la kawaida tu. Mdomo wa Cliff ukajibu kabla yake. Alikuwa uani, ukasema, anawalisha njiwa.

Uongo ule ulipotoka ulikuwa mdogo. Kufika jioni ulikuwa umepata miguu. Binti yao, Lorraine, alikuja bado na aproni ya duka la mikate anakofanya kazi, akakaa kwenye ngazi, akasema maneno ambayo Cliff hakuwa ameyatarajia. Kumbe alikuwa amemwahidi mama yake kumpeleka kwa msusi asubuhi hiyo, kisha akapewa zamu, akaahirisha. Angekuja, alisema, mama asingekufa peke yake sakafuni kama paka. Daktari alikuwa amesema moyo ulisimama ghafla na pengine hakuna ambacho kingesaidia. Lorraine alilishika "peke yake". Cliff alilishika "pengine". Kila mmoja akaenda kulala na neno lake, na neno la Lorraine alikuwa amepewa na baba yake.

*

Alizaliwa Mavis Dootson, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha kusokota pamba, na akiwa msichana wa miaka kumi na tano alishaingia kiwandani humo kubeba vikapu vya nyuzi. Misuli ya mikono ilimtoka pale. Kila mwaka viwanda vilifungwa wiki moja, mji mzima ukapumua, na tamasha likaja na bembea zake na hema la mieleka. Mwenye hema alisimama jukwaani akiuliza nani ana ubavu wa kupambana na mwanamke wake wa miraba minne. Rafiki zake Mavis wakamsukuma. Akapanda kwa aibu, na gauni la kanisani, akampiga yule mwanamke mwereka mara mbili. Mara ya pili alimwomba radhi akiwa bado amemkalia.

Cliff alikuwepo. Alikuwa akibeba nguzo za hema jioni, kwa kuwa goti lake bovu halikumfaa kiwandani. Wiki hiyo hiyo refa wa hema alilewa akashindwa kusimama, ikaulizwa nani anaweza kuhesabu hadi kumi. Cliff akasema anaweza. Shule yake yote iliishia hapo, nayo ikamtosha.

Mavis alifundishwa kuanguka kwa miezi miwili ya baridi, kwenye banda lenye magodoro ya majani, hadi mgongo ukawa wa rangi ya bilingani. Kisha mwandaaji wa mapambano akamtazama uso, akatoa hukumu. Beryl Tattersall ana nywele za dhahabu na meno mazuri, alisema, huyo watu watampenda. Lakini wewe, mpenzi, una nyusi za mwenye nyumba anayedai kodi. Beryl, aliyefundishwa naye bandani, akaitwa Waridi, mwema wa mchezo. Mavis akavalishwa nguo nyeusi, akaitwa Mama Nge, mwovu wa kuzomewa.

Alikuwa Mama Nge kweli. Aliuma, alivuta nywele, alikanyaga vidole. Aliwaambia vikongwe wa mstari wa mbele kuwa kofia zao zinanuka. Katika ukumbi wa bwawa la kuogelea, ambalo majira ya baridi lilifunikwa mbao likawa ulingo, wanawake waliokuja na ufumaji wao walisimama juu ya viti wakiomba apigwe. Mmoja alimchoma pini ya kofia pajani. Mavis alicheka alipokuwa anasafishwa, akasema mtu hachomi pini kitu kisichomgusa.

Na refa? Kazi ya refa katika mchezo ule haikuwa kuona. Ilikuwa kutoona kwa wakati wake. Mama Nge akitaka kuuma, Cliff alikuwa anafunga kamba ya kiatu cha Beryl, au anagombana na mtu wa pembeni. Ukumbi mzima ungelia, "Refa kipofu! Mnunulieni miwani!" Yeye angegeuka pole pole, meno yameshatoka kwenye mkono, aoneshe viganja vitupu: sijaona kitu. Hakuna aliyemzidi kwa kutoona kuanzia Preston hadi Hull.

Walioana Jumanne, kanisani, Beryl na dereva wa gari wakiwa mashahidi, na baada ya hapo wakaificha ndoa kama watu wengine wanavyoficha wizi. Ilikuwa sheria ya kazi. Watazamaji wakijua refa ni mume wa mwovu, nani atalipa kiingilio? Kwa hiyo Mavis alisafiri na waovu katika gari moja, Beryl na wema katika jingine, na Cliff akapanda basi. Kwenye nyumba za kulala wageni walichukua vyumba viwili. Huko Morecambe mwenye nyumba alimkamata Cliff anapanda ngazi na soksi, viatu mkononi, akamwambia mbele ya wageni wote kuwa nyumba yake ni ya watu wenye adabu. Mavis akachungulia mlangoni.

"Msamehe, mama," akasema. "Hata ulingoni haoni. Kapotea chumba."

Walicheka sana hayo, miaka na miaka. Yaliyotokea mjini Barnsley hawakuyacheka.

Usiku wa Barnsley Mama Nge alimshinda Beryl kwa hila, na watu walitoka wamevimba kwa hasira. Kwenye kituo cha basi wakamkuta Mavis peke yake na mfuko wake. Mwanamume mmoja mzee, mtu mzima na tai yake, akamwendea, akamtemea mate usoni. Mwanamke mwingine akampiga mpini wa mwavuli kwenye sikio. Cliff alikuwa amesimama chini ya kibaraza cha duka la viatu, mbali kama chumba na chumba. Alikuwa na kofia kichwani. Akaishusha machoni.

Mavis alimtazama mara moja, kama unavyomtazama mtu usiyemjua, kisha akajifuta kwa skafu. Ndani ya basi walikaa viti tofauti. Nyumbani Cliff alianza kusema kitu, Mavis akamwambia kazi ni kazi, aweke birika. Akaliweka. Neno alilotaka kulisema likabaki kooni, na mwaka ukapita juu ya mwaka, likawa kama mfupa wa samaki ambao mtu hujifunza kumeza chakula pembeni mwake.

Mieleka ya Jumamosi ilioneshwa kwenye televisheni, nchi nzima ikitazama, hata maaskofu, walisema watu. Wanawake hawakuoneshwa. Miji mingine ilikataa hata kuwapa ukumbi. Mavis alipigana kwenye vilabu vya wafanyakazi, kati ya mchezo wa bahati nasibu na pai za nyama na viazi. Bega likaisha nguvu. Akaacha, akapata kazi ya kufagia shule, na watoto waliomkimbilia na pua zinazovuja hawakujua wamekumbatia nani. Mara moja tu, sokoni, kikongwe mmoja alimtambua, akamgonga kwa mfuko wa viazi. Mavis alifurahi wiki nzima. Alimweleza kila mtu, hata mchungaji.

*

Siku moja kabla ya maziko Beryl alikuja na magongo yake mawili, nywele bado za dhahabu kwa nguvu ya dawa. Alikuja na Stan Prestwich, aliyekuwa akiitwa Nyundo enzi zake za ulingoni na sasa hasikii vizuri, na Stan amebeba kengele. Ilikuwa kengele ya ulingo, ya shaba, ya kugongwa kwa nyundo ndogo. Wakaketi jikoni. Lorraine akawapa chai na mkate wenye nyama ya nguruwe.

Beryl akaeleza. Mwanamieleka akifa, wenzake humgongea kengele mara kumi kaburini. Cliff alilijua hilo; alishasimama kwenye makaburi ya wengi. Lakini kwa Mavis, Beryl alisema, wamekubaliana wazee wote, kengele peke yake haitoshi. Stan atagonga, na refa wake ndiye atakayehesabu.

Cliff akasema hapana.

"Hapana ya nini?" Beryl akauliza. "Umesahau namba?"

"Sitahesabu."

"Kijana, umenihesabia mimi nikiwa chini na mkono mdomoni mwa mkeo. Unashindwa kumhesabia yeye?"

Stan akauliza amesema nini. Beryl akampigia kelele kwamba anakataa. Stan akasema ni huzuni, wamwache. Cliff alikuwa akitazama sakafu upande wa pili wa meza. Alikuwa ameipiga deki mara tatu tangu siku ile, na bado aliona pale palipokuwa na sikio.

Kisha Lorraine, aliyekuwa amesimama karibu na jiko, akasema taratibu, "Baba, fanya kwa ajili yake. Aliondoka hana mtu. Basi angalau kesho awe na wewe."

Beryl akamshika mkono. Akamwambia asijitese, msusi angesubiri, nani alijua. Lorraine akasema yeye alijua. Alijua kuwa aliahidi. Cliff akasikia hayo yote. Angeweza kuyakata kwa neno moja. Neno lilikuwa hapo, limekaa na wengine mezani, linakunywa chai. Akasema, "Sawa. Nitahesabu." Kwa kuwa kuhesabu kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Maziko yalikuwa asubuhi, baada ya ibada. Walikuja watu wengi kuliko alivyofikiri. Walikuja walimu wa shule aliyokuwa akifagia, na waovu wanne wa zamani wenye vitambi, na watu wema watatu, wote wakisimama pamoja mchana kweupe kama ambavyo zamani wasingethubutu. Walikuja pia wanawake wawili wazee kutoka Rochdale ambao hawakumjua mtu. Waliwaambia watu kuwa walimzomea Mama Nge kila mwezi kwa miaka, na wasingejisamehe kama wasingekuja.

Jeneza likashushwa. Mchungaji akamaliza. Stan akaweka kengele juu ya kiti, akamtazama Cliff, maana masikio yake yalihitaji macho yamsaidie. Cliff akasogea ukingoni. Watu wakavua kofia. Naye akaivua yake.

"Moja," akasema.

Stan akagonga. Sauti ya shaba ikaenda hadi ukuta wa makaburini ikarudi.

"Mbili."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya zamani. Beryl akaanza kulia bila kujificha. Mmoja wa waovu alikuwa amefumba macho na kukunja kidevu kifuani.

"Tatu. Nne."

Kengele ikalia. Cliff akafungua mdomo kwa ajili ya tano, tano isitoke. Watu wakangoja. Stan akainua nyundo, akaishusha, akamtazama. Mchungaji akapiga hatua kumshika kiwiko, na Cliff akamwekea mkono kifuani, kama refa anavyomzuia mtu asiingie ulingoni.

Akageuka kwa binti yake.

"Sikuwa kwa njiwa," akasema.

Lorraine hakuelewa. Akamwuliza njiwa gani.

"Siku ile. Nilisema nilikuwa uani. Sikuwa uani. Nilikuwa mezani. Mama yako alianguka mbele yangu, nikadhani anafanya yake. Nikachukua kijiko. Nilikuwa namhesabia."

Beryl aliacha kulia. Yeye na wale wanne na wale watatu walielewa mara moja, na kuelewa huko kuliwauma, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao ambaye asingeshika kijiko. Lakini Cliff hakuwatazama hao.

"Ulihesabu hadi ngapi?" Lorraine akauliza.

"Nane. Nikiwa nimekaa, natafuna. Sikuinuka kutazama. Kisha nikakuacha wewe ubebe kuwa alikufa peke yake, na mimi nilikuwa pale. Siombi unisamehe hapa. Nilitaka tu usiubebe tena mzigo huo. Si wako."

Mvua nyepesi ilianza. Lorraine alisimama na mikono mifukoni mwa koti la mama yake. Uso wake ulikuwa na nyusi zile zile, za mwenye nyumba anayedai. Cliff alingoja kibao. Angekipokea. Alitamani kingekuja.

"Alikuwa anakusikia?" Lorraine akauliza.

"Alinisikia."

"Unajuaje? Sema kweli, baba."

"Alinijibu. Nilipofika nne. Alisema kwa ile sauti yake ya kuninong'oneza ulingoni bila midomo kucheza, na mimi nikacheka."

"Alisema nini?"

Cliff akaikunja kofia yake mikononi. Akatazama chini kaburini, akayasema maneno ya Mavis kama yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza:

"Umeanza mapema, Cliff. Hebu ngoja kwanza nilale vizuri."